Utumbo Usiojua Kuachia

Nazungumza na kila nyumba yenye mtoto mchanga au inayomtarajia, na hasa ninyi mlioko Segerea, Tabata, Kinyerezi na vitongoji vingine vya pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako mama akijifungua salama leo, kesho yuko nyumbani na mtoto wake. Nataka tuzungumzie utumbo mpana, umeme unaouendesha, na maradhi yanayompata mtoto pale seli za neva zinapokosekana ndani ya utumbo huo. Madaktari wanayaita ugonjwa wa Hirschsprung. Ugonjwa huu unatibika kwa upasuaji, na dalili yake ya kwanza mara nyingi hujitokeza mapema mno, ndani ya siku mbili za mwanzo za maisha. Hujitokeza kwenye nepi. Ndiyo maana nimeona tuuzungumze redioni, kwa sababu anayefua nepi si daktari.

Tuichukue nyumba moja ya Segerea, ya kufikirika, lakini ya kawaida kabisa. Mama amejifungua mtoto wa kiume, kilo tatu na ushee, amelia vizuri, analishika ziwa. Siku ya pili yake ameruhusiwa, wamepanda bajaji mpaka nyumbani, na bibi mzaa mama ameshafika kutoka Kisarawe kumwogesha mtoto na kumkanda mzazi. Nepi zinatoka na mkojo tu. Bibi anajiambia maziwa ya mama bado hayajashuka vizuri. Siku ya tatu tumbo limeanza kujaa, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na mtoto anatapika kitu cha rangi ya kijani. Jirani anasema huo ni mchango. Mwingine anasema mtoto amepigwa zongo, ameangaliwa na mtu mwenye jicho baya. Baba anatumwa duka la dawa, anarudi na dawa ya gesi. Siku ya nne au ya tano kinatoka choo kidogo, nyumba nzima inashusha pumzi, na habari inaishia hapo.

Miezi sita baadaye mtoto huyohuyo yuko kwenye mzani wa kliniki. Tumbo ni kubwa, miguu ni myembamba, na mstari wa uzito kwenye kadi umelala. Anapata choo mara moja kwa wiki, tena kwa kuwekewa kipande cha sabuni au kupigwa bomba. Katika nyumba ile hakuna mzembe hata mmoja. Kila mtu alifanya alilolijua. Lilikosekana swali moja tu, la siku ya pili: mtoto ameshapata choo chake cha kwanza?

Choo hicho mnakifahamu. Ni cheusi kinachoelekea kijani, kizito, kinanata, na kwenye nepi hakitoki kirahisi hata ukisugua. Ni mabaki ya vile alivyovimeza mtoto akiwa bado tumboni, yaani maji ya uzazi, ute na seli zilizobanduka, pamoja na nyongo yake mwenyewe. Katika kila watoto kumi waliozaliwa wametimiza miezi yao, zaidi ya tisa hukitoa ndani ya saa 24 za kwanza, na karibu wote waliobaki hukitoa kabla ya saa 48 kwisha. Mtoto aliyevuka saa hizo bila kukitoa anastahili kuonwa na daktari siku hiyohiyo. Huenda ikaonekana ni jambo dogo. Watoto njiti, kwa mfano, huchelewa na baadaye wakawa wazima kabisa. Hata hivyo, hakuna njia ya kujua bila kwenda.

Hapa naomba tusichanganye mambo mawili. Mtoto wa mwezi mmoja na zaidi anayenyonya maziwa ya mama peke yake anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kikitoka kikawa laini, naye akawa anacheka, tumbo halijajaa, uzito unapanda. Huyo ni mzima. Ninayemzungumzia ni yule ambaye choo kilikataa tangu mwanzo, tangu siku ile ya kwanza na ya pili.

Sasa tuingie ndani ya utumbo wenyewe, tuone kinachotokea. Ukuta wa utumbo una tabaka mbili za misuli: moja inauzunguka utumbo, nyingine inakwenda kwa urefu wake. Katikati ya tabaka hizo mbili pana wavu wa seli za neva uliopewa jina la Leopold Auerbach, mtaalamu wa Kijerumani wa karne ya 19. Wavu mwingine, ulio karibu zaidi na utando wa ndani, una jina la Mjerumani mwenzake, Georg Meissner. Ukijumlisha njia yote ya chakula, kuanzia koo mpaka sehemu ya haja kubwa, seli hizo zinapita milioni 100. Na hazisubiri amri ya ubongo kwa kila jambo. Mwaka 1899, huko London, William Bayliss na Ernest Starling walionyesha kwamba utumbo uliotenganishwa na ubongo bado unajua kazi yake: ukiuwekea kitu ndani, unabana nyuma ya kitu hicho na kulegea mbele yake, kitu kikasogea.

Kubana na kulegea huko kunaendeshwa kwa umeme. Kila seli ya misuli ya utumbo ina tofauti ya umeme kati ya ndani na nje, makumi ya milivolti tu, inayotokana na madini ya sodiamu, potasiamu na kalisi yanayopita kwenye ngozi ya seli. Kandokando ya misuli hiyo kuna seli nyingine zilizopewa jina la Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Hizo si neva wala si misuli. Kazi yake ni kutoa mdundo: zinapandisha umeme na kuushusha, polepole, bila kuchoka, usiku na mchana. Tumboni mdundo huo ni kama mara 3 kwa dakika. Mwanzoni mwa utumbo mwembamba ni kama mara 12. Katika utumbo mpana hubadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Mdundo peke yake hausogezi kitu mbali. Unaileta misuli mlangoni pa kazi, na neva ndizo zinazoamua iingie au isubiri. Neva za aina moja hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, umeme wa misuli ukapanda, kalisi ikaingia kwenye seli, misuli ikabana. Neva za aina nyingine hutoa gesi ya nitriki oksaidi, umeme ukashuka, misuli ikalegea. Mtu mzima mwenye afya hasikii lolote kati ya haya. Anasikia haja, anakwenda chooni, basi.

Mliopo Segerea hamkai siku nyingi bila kuona nyumba inajengwa, kwa hiyo niwapeleke kwa vibarua wanaomwaga zege. Wanajipanga mstari kutoka kwenye mashine mpaka juu ya jamvi, wanapokezana ndoo. Anayetazama kwa mbali anadhani kazi ile ni nguvu tu. Ukisogea karibu unaona kwamba kila mmoja, kabla hajasukuma ndoo mbele, kwanza amefungua mikono kupokea. Sasa weka katikati ya mstari mtu mwenye nguvu zake zote, lakini amekunja ngumi na hafungui. Ndoo zitarundikana nyuma yake. Wa nyuma watasukuma, watatokwa jasho, mwisho watazidiwa. Anayepita njiani atawaona hao wa nyuma waliozidiwa, na atadhani wao ndio wagonjwa wa mstari huo.

Hivyo ndivyo unavyokuwa utumbo uliokosa seli za neva. Misuli yake ipo na ina nguvu. Umeme upo. Kilichokosekana ni yule wa kusema sasa legea. Misuli inajiwasha yenyewe bila mpango, sehemu hiyo inakaa imebana, na hakuna wimbi la kupokezana linalopita. Hata mlango wa haja unapoteza adabu yake. Kwa mtu mwenye afya, choo kikifika sehemu ya mwisho ya utumbo na kuitanua, msuli wa ndani wa mlango hulegea wenyewe. Daktari anaweza kulipima jambo hilo kwa kupuliza kipira kidogo ndani na kutazama presha ya mlango: kwa mtoto wa kawaida presha inashuka, kwa mwenye ugonjwa wa Hirschsprung haishuki.

Kuna jaribio moja la maabara linalonivutia kuliko yote, na watu wa Pwani watalielewa haraka. Tunamjua samaki bunju, na tunajua kwa nini haliwi ovyo. Sumu yake, tetrodotoksini, hunyamazisha neva. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasayansi wa Marekani, Jackie Wood, aliitumia sumu hiyo kwenye vipande vya utumbo wa wanyama. Mtu angetarajia kwamba neva zikinyamaza na misuli itanyamaza. Ikawa kinyume: milipuko midogo ya umeme ikaongezeka na misuli ikabana zaidi. Mwaka 1973 akachapisha vipimo vya panya waliozaliwa bila seli za neva mwishoni mwa utumbo. Katika sehemu ile, umeme wa misuli ulikuwa ukiwaka mfululizo, bila vile vipindi vya kupumzika vinavyoonekana kwenye utumbo wenye neva. Kwa hiyo kazi moja kubwa ya neva za utumbo ni kuizuia misuli. Zikikosekana, misuli hailegei. Inakaza.

Swali linalofuata ni kwa nini seli hizo zikosekane. Jibu liko katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito. Seli zitakazokuwa neva za utumbo hazizaliwi utumboni. Nyingi huanzia karibu na shingo ya kiumbe, mgongoni, kisha zinasafiri kushuka na njia ya chakula, kutoka juu kwenda chini, zikiongezeka njiani, mpaka zifike mwisho. Safari ikikatika kabla ya mwisho, sehemu yote iliyobaki chini inakuwa haina neva. Ndiyo sababu upungufu huu huanzia kwenye mlango wa haja na kupanda juu. Kwa watoto wanane kati ya kumi hivi, unaishia kwenye puru na kipande cha mwisho cha utumbo mpana. Kwa wachache unaupanda utumbo mpana wote. Kadiri safari ilivyokatika mapema, ndivyo sehemu iliyobana inavyokuwa ndefu.

Mwaka 1994 watafiti walitambua jeni iitwayo RET kuwa mojawapo ya vyanzo vikubwa vya safari hiyo kukatika, na tangu hapo jeni nyingine zimejulikana. Ugonjwa unawapata wavulana takriban mara nne zaidi ya wasichana, na unaonekana zaidi kwa watoto wenye hali ya Down. Panya wale wa maabara walikuwa na mabaka meupe mwilini, kwa sababu seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zinatoka kwenye chimbuko lilelile la neva za utumbo. Hapa niseme wazi ili mtu asiende kuharibu: hili halihusiani na ualbino. Mtu mwenye ualbino seli zake za rangi zipo, ila hazitengenezi rangi ya kutosha. Utumbo wake hauna tatizo hili.

Na kwa kuwa safari hii inakatika tumboni mwa mama kabla hata hajaanza kuonyesha ujauzito wake, hakuna chakula alichokula, hakuna kazi aliyofanya, hakuna jirani aliyemtazama, kilicholeta ugonjwa huu. Akina mama wanaonisikiliza walibebe neno hilo, na mawifi na mama wakwe walisikie pia.

Turudi nyuma kidogo tuone jinsi wataalamu wenyewe walivyohangaika. Mwaka 1886, mjini Berlin, daktari wa watoto kutoka Copenhagen aitwaye Harald Hirschsprung alisimama mbele ya wenzake akaeleza habari za watoto wawili wa kiume waliokuwa hawapati choo tangu kuzaliwa, na wote wawili walifariki kabla ya kutimiza mwaka. Alipoufungua mwili aliona utumbo mpana uliovimba vibaya, kuta zake nene. Sehemu ya chini, iliyo nyembamba, ilionekana ya kawaida. Akahitimisha kwamba ugonjwa uko kwenye ule uvimbe. Na ni nani angeona vingine?

Kwa zaidi ya miaka 50 iliyofuata, madaktari wa upasuaji waliukata utumbo uliovimba, wakaunganisha uliobaki, na mtoto akarudi na tatizo lilelile. Mwaka 1901 mtaalamu mmoja, Karl Tittel, aliandika kwamba seli za neva zina kasoro katika utumbo wa mtoto wa namna hiyo, lakini taarifa yake haikubadilisha matibabu. Mambo yaligeuka miaka ya 1940 huko Boston. Daktari Orvar Swenson, mzaliwa wa Sweden, aliona kwamba watoto waliotolewa choo kwa tundu la tumboni walipata nafuu, wakanenepa, wakacheza, na tundu likifungwa ugonjwa ulirudi palepale. Akapima mawimbi ya kubana kwenye utumbo. Juu, kwenye sehemu iliyovimba, mawimbi yalikuwepo. Chini, kwenye sehemu iliyoonekana nzuri, wimbi halikupita. Mwaka 1948, yeye na mwenzake Alexander Bill walichapisha njia ya kuiondoa ile sehemu ya chini na kuuvuta utumbo wenye afya mpaka kwenye mlango wa haja. Watoto wakaanza kupona.

Wasikilizaji, kiini cha mazungumzo yangu kiko hapo. Sehemu iliyovimba ndiyo iliyo nzima. Imevimba kwa kusukuma. Sehemu iliyotulia, nyembamba, ndiyo yenye ugonjwa. Hirschsprung alikuwa bingwa wa zama zake, na jicho lake lilikwenda kwenye uvimbe. Sasa mama wa Segerea, na bibi yake, na muuza duka la dawa, nao jicho linakwenda kwenye uvimbe. Tunalikanda tumbo, tunalipaka mafuta, tunalipa dawa ya gesi, tunalifunga kamba. Tumbo ndilo linalolia, lakini chanzo kiko chini yake, kimya. Hatuwezi kukiona kwa macho. Kinachoweza kutuonyesha ni historia: choo cha kwanza kilitoka lini.

Ugonjwa huu unampata takriban mtoto mmoja katika kila vizazi 5,000. Tanzania inapata zaidi ya watoto milioni 2 kila mwaka, kwa hiyo kwa hesabu hiyo tunatarajia watoto wasiopungua 400 wenye ugonjwa huu mwaka hadi mwaka. Mwaka 2014 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, wakiwemo Joseph Mabula na Phillipo Chalya, walichapisha taarifa ya miaka mitano kuhusu watoto 110 waliotibiwa pale. Wengi walikuwa wavulana. Waliofikishwa wakiwa bado wachanga walikuwa wachache sana. Walio wengi walikuja umri umeshakwenda, tumbo limeshakuwa kubwa, afya imeshadhoofu. Katika nchi tajiri walio wengi hutambuliwa ndani ya mwezi wa kwanza. Ugonjwa ni uleule, watoto ni walewale, tofauti ni siku waliyoulizwa swali.

Kuchelewa huko kuna gharama. Choo kikikaa muda mrefu, vijidudu huzaliana na utumbo unapata uambukizo mkali. Mtoto anapata homa, tumbo linajaa ghafla, kisha anaharisha choo cha majimaji chenye harufu kali, kinachotoka kwa kishindo. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu mzazi anafurahi: mtoto aliyekuwa hapati choo sasa anaharisha, basi amefunguka. Anapewa maji ya chumvichumvi na zinki, anasubiriwa nyumbani. Nawaomba mshike hili: mtoto mwenye historia ya kufunga choo, akiharisha huku tumbo limejaa na mwili una homa, apelekwe hospitali usiku huohuo. Hali hiyo inaua haraka kuliko kufunga choo kwenyewe.

Wapo watakaoniuliza kuhusu chakula. Afrika Mashariki tuna heshima katika somo la chakula na choo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20 mpaka katikati ya miaka ya 1960, ndiye aliyekuja kuifundisha dunia kwamba vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama vile vinavyoliwa vijijini kwetu, huufanya utumbo usafiri vizuri. Somo hilo ni sahihi, na watoto wengi wenye choo kigumu wanahitaji maji, mboga za majani, papai na maharage, wala hawana ugonjwa wa Hirschsprung. Lakini mtoto aliyekosa neva hapati msaada kwa papai. Unamwongezea ndoo nyuma ya yule aliyekunja ngumi.

Mtoto akifikishwa kwa daktari, uchunguzi wenyewe unaanza kwa mambo mepesi. Daktari anauliza kuhusu choo cha kwanza. Anamkagua kwa kidole. Kwa mtoto mwenye ugonjwa huu kidole kinasikia njia iliyobana, iliyo tupu, na kikitolewa, hewa na choo vilivyozuiliwa juu hufumka kwa nguvu, na tumbo linashuka mbele ya macho ya mama. Mama anadhani mtoto amepona. Muuguzi mzoefu anajua kwamba hapo dalili imejitaja. Hufuata picha ya eksirei baada ya kuingiza dawa nyeupe kwa njia ya haja kubwa: inaonekana sehemu nyembamba chini, kisha inafunguka kuwa pana juu.

Kipimo cha kukata shauri ni cha nyama ya utumbo wenyewe. Kinachukuliwa kipande kidogo sana kutoka kwenye ukuta wa puru na kutazamwa kwa hadubini. Katika utumbo wenye afya, mtaalamu anaona vifundo vya seli za neva, kubwa, zenye kiini cha duara. Katika utumbo mgonjwa anapitisha jicho kipande chote na hazioni hata moja. Mahali pake anakuta nyuzi nene za neva zilizotoka nje ya utumbo, zimepita bila kupokelewa. Ni kazi ya subira, kwa kuwa anathibitisha kitu kwa kutokiona.

Matibabu ni upasuaji, na katika nchi yetu hufanywa kwenye hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, Bugando na KCMC. Baada ya Swenson walikuja wengine walioboresha njia hiyo: Bernard Duhamel wa Ufaransa, Franco Soave wa Italia, na mwaka 1998 Luis De la Torre na mwenzake wa Mexico wakaeleza jinsi ya kuondoa sehemu mbovu kupitia njia ya haja kubwa yenyewe, bila kupasua tumbo. Mtoto aliyetambuliwa mapema anaweza kunufaika na njia hiyo nyepesi. Aliyechelewa, ambaye utumbo wake umeshatanuka sana, mara nyingi kwanza hutolewa choo tumboni ili utumbo upumzike na mwili upate nguvu, kisha baada ya miezi anarudi kwa upasuaji wa pili.

Miezi hiyo ya kungoja ni migumu, na jamaa wa mgonjwa wanajua. Mifuko ya kukingia choo ni ghali, wengi wanatumia vitambaa, ngozi ya kuzunguka tundu inachubuka, na katika nyumba za kupanga zenye choo kimoja na bomba moja la maji, mama anajificha kufua. Majirani wanaziba pua. Wengine hawampakati tena mtoto. Ndugu zangu, tundu lile ndilo linaloyaokoa maisha ya mtoto, na ni la muda. Ukimwona mama wa namna hiyo kwenye ua wenu, msaidie ndoo ya maji, mshikie mtoto. Hakuna cha kuambukizwa.

Baada ya upasuaji wapo watoto wanaoendelea kufunga choo kwa kiasi, na wapo wanaokawia kujizuia, kwa hiyo kliniki za ufuatiliaji zisikatishwe. Lakini walio wengi wanakua, wanaingia shule, wanacheza mpira kama wenzao.

Sasa niseme ninachoomba. Kwa bibi, shangazi na dada mnaomhudumia mzazi katika zile siku arobaini: ninyi ndio mashahidi. Anayefua nepi ndiye anayejua kwa hakika kama choo cheusi kimetoka na kimetoka lini. Kitazame, ukiseme, na kama saa 48 zimepita bila kukiona, usingoje jirani atoe jina la ugonjwa. Mtoto akitapika kijani, usingoje hata saa hizo.

Kwa wauguzi na wakunga: mama akiruhusiwa kabla choo cha kwanza hakijatoka, mwambieni wazi kwamba kazi ya kukitazama anaondoka nayo, na akirudi kwa mahudhurio ya kwanza baada ya kujifungua, lianze swali hilo kabla ya mizani. Liandikwe kwenye kadi: siku gani, saa ngapi. Halihitaji mashine, halihitaji bajeti, linahitaji wino. Na daktari atakayemwona mtoto huyo akiwa na miezi sita, tumbo limejaa, atalikuta jibu limeshaandikwa.

Na kwa akina baba: nauli ya kwenda hospitali siku ya tatu ni ndogo kuliko yote mtakayoyatumia baadaye kwa mafuta, dawa za gesi na waganga. Mama akikwambia mtoto hajapata choo tangu azaliwe, hiyo ni habari ya dharura. Ondokeni naye. Mkifika, neno la kwanza mlitaje hilo, kabla ya tumbo, kabla ya homa, kabla ya kutapika: choo cha kwanza hakijatoka.